Baraza na Maskani: Mahali pa Kukutania ni pa Nani?

Kila mji wenye umri huwa na mahali pake ambapo watu wazima hukutana jioni bila ya kualikwa. Katika miji ya Uingereza mahali hapo ni nyumba ya pombe, na jina lake kwa lugha yao ni kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya umma. Katika miji ya Uturuki na Misri, tangu karne ya 16, mahali hapo palikuwa nyumba ya kahawa. Katika miji ya Pemba, yaani Chake Chake, Wete na Mkoani, ambako takriban watu wote ni Waislamu na kilabu cha pombe hakikupata kuwa kitovu cha mji, mahali hapo si nyumba hata kidogo. Ni baraza, na kinywaji chake ni kahawa.

Makala haya yanakusudia kulichungua swali moja la maadili litokanalo na historia ya baraza hiyo. Swali lenyewe ni hili: je, mtu anayo haki ya kuchagua wa kukaa naye katika mahali ambapo ni pa watu wote? Kwa mtazamo wa haraka swali hili laonekana dogo. Lakini katika Pemba limewahi kuamua nani anunue dukani kwa nani, na nani aende kumzika nani. Kwa hiyo si swali la adabu ya kunywa kahawa tu.

Kwanza yatupasa tufahamu baraza ni kitu gani. Katika nyumba za mawe za miji ya pwani, baraza ni kikao kilichojengwa kwa mawe na chokaa pamoja na ukuta wa mbele, kando ya mlango. Katika nyumba za udongo na makuti za shamba, baraza ni tuta la udongo uliopigwa ukawa mgumu, chini ya upenu. Tofauti ya vifaa ni kubwa, lakini maana ni moja. Baraza ni ya mwenye nyumba kwa kuwa yeye ndiye aliyeijenga. Na ni ya mpita njia kwa kuwa ipo nje ya mlango. Mwenye nyumba humpokea hapo mgeni asiyemjua, wala stara ya watu wa ndani haivunjiki. Mgeni naye hukaa bila ya kuomba ruhusa ya kuingia. Sehemu hiyo, kwa sifa yake hasa, haipo ndani wala haipo njiani. Imesimama katikati.

Tena neno hilihili limebeba maana ya pili. Baraza ni kikao cha watu wenye kuamua mambo. Wakoloni walipounda chombo cha kutunga sheria katika Zanzibar mwaka 1926, chombo hicho kiliitwa kwa Kiswahili Baraza la Kutunga Sheria. Na chombo kilichoanza kazi mwaka 1980 kikaitwa Baraza la Wawakilishi. Mawaziri wana baraza lao, wazee wana baraza lao, na sikukuu ya Idi ina baraza lake. Lugha haikukosea ilipoyaita mambo haya mawili kwa jina moja. Wenye lugha waliona kwamba kuamua mambo ya watu huanza na kukaa pamoja, na kwamba kukaa pamoja kwahitaji mahali pasipokuwa na mlango.

Katikati ya mji, baraza ya kahawa ina taratibu zake. Muuza kahawa huja na seredani yake ya makaa, dele la shaba au la bati, na vikombe vidogo visivyo na mkono ambavyo huvisuuza ndani ya ndoo. Kahawa ni chungu, aghalabu ina tangawizi, na hunywewa pamoja na kashata au kipande cha haluwa, kitu ambacho Wete inasifika kwacho. Bei ya kikombe ni ndogo, na jambo hili si la kupita nalo haraka: kwa kuwa bei ni ndogo, mvuvi na mwalimu, mchukuzi na karani, wote waweza kununua. Asiyekuwa nacho hununuliwa na mwenzake. Mbao za bao na dhumna huwekwa chini, na mazungumzo huanza kwa salamu, yakaendelea mpaka adhana.

Sasa watu huzungumza nini? Mtu asiyeijua Pemba atadhani huzungumza upuuzi tu. Kwa kweli upuuzi haukosekani. Lakini tukumbuke uchumi wa kisiwa hiki. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba bila ya madhara makubwa kama hayo. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Karafuu huchumwa kwa mkono, huchambuliwa makonyo, huanikwa juu ya majamvi, na mvua moja ya ghafla yaweza kuharibu kazi ya siku nyingi. Mwenye shamba huhitaji kujua wachumaji wapo wapi, malipo ya pishi ni kiasi gani, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar limetangaza bei ipi. Mchumaji naye huhitaji kujua nani hulipa kwa wakati na nani hukawiza. Kabla ya redio kuenea, na hata baada yake, habari hizi zilipimwa barazani, mtu mmoja akasema na mwingine akasahihisha.

Zaidi ya hayo, baraza ndiyo iliyobeba habari za msiba. Mtu anapofariki, wapo wanaotakiwa kuchimba kaburi, wa kwenda kununua sanda, na wa kupeleka habari vijijini. Kazi hizi hazina mshahara, na katika mila hazina afisa wa kuzisimamia. Husimamiwa na watu waliokwisha kuzoeana kwa kukaa pamoja. Ndiyo maana ni makosa kusema kwamba baraza ni uvivu mtupu. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilipowaandama wasiokuwa na kazi katika miji ya Tanzania Bara, ilisimama juu ya fikra kwamba mtu anayeonekana amekaa ni mtu asiyezalisha. Fikra hiyo ina ukweli wake, kwani taifa halijengwi kwa dhumna. Hata hivyo haikuona kwamba ipo kazi ambayo hufanywa kwa kukaa, nayo ni kazi ya kuwafanya majirani wawe ni watu wanaoweza kuombana msaada.

Watawala wengi wa zamani waliielewa nguvu ya vikao hivi kuliko wanaovidharau. Mwaka 1511 liwali wa Makka alipiga marufuku kahawa. Mwaka 1633 Sultani Murad IV alizifunga nyumba za kahawa za Istanbul. Na Desemba 1675 Mfalme Charles II wa Uingereza alitoa amri ya kuzifunga nyumba za kahawa za nchi yake, akalazimika kuiondoa amri hiyo mwezi uliofuata. Watawala hao hawakukiogopa kikombe. Waliogopa watu wa hali mbalimbali kukaa mahali pamoja na kulinganisha wanayoyajua.

Hata hivyo haitufai kuisifu baraza kana kwamba haikuwa na dosari. Mwanafunzi mwenye kufikiri atauliza: baraza hiyo ya watu wote, ni watu wote wepi? Swali hilo ni la haki. Mpaka amri ya mwaka 1897 iliyofuta hali ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba, mashamba ya mikarafuu yalilimwa kwa jasho la watumwa, na mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake, sembuse kukaa naye kikao kimoja. Baada ya utumwa, wachumaji waliokuja kwa msimu kutoka Unguja, Tumbatu na Bara hawakuwa na sauti sawa na mwenye shamba. Vijana walitakiwa kunyamaza mbele ya wazee, kwa hoja kwamba penye wazee haliharibiki jambo, ingawa yapo yaliyoharibika mbele ya wazee. Na wanawake, ambao ni nusu ya mji, hawakuwa na nafasi katika baraza ya njiani kabisa; wao walikutana uani, visimani na katika shughuli za arusi na misiba, na mengi yaliyowahusu yaliamuliwa mahali wasipokuwapo.

Tena ipo dosari ya ulimi. Mahali wanapokaa watu wengi bila ya kazi ya mikono, asiyekuwapo huwa ndiye mada. Heshima ya mtu iliyojengwa kwa miaka 40 yaweza kubomolewa kwa kikombe kimoja cha kahawa. Dawa ya dosari hii, kwa bahati, imo ndani ya desturi yenyewe: anayesengenywa aweza kutokea wakati wowote, akasalimu, akakaa. Baraza iliyo wazi kwa kila mtu humlazimisha msemaji awe na hadhari. Hatuwezi kusema hivyo juu ya kikao kilichofungwa, kwani huko asiyekuwapo ana hakika ya kutokuja.

Basi tusemeje juu ya desturi ambayo kanuni yake ni nzuri kuliko utekelezaji wake? Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa kanuni haikutekelezwa, ilikuwa uongo tangu mwanzo. Maoni yangu ni kwamba kanuni ambayo haikutekelezwa ni deni. Mtu akisema baraza hii ni ya wapita njia wote, na kisha akamfukuza mpita njia mmoja, aliyefukuzwa ana neno la kumshika nalo. Lakini mahali ambapo tangu mwanzo paliwekwa kwa ajili ya watu maalumu, aliyefukuzwa hana la kudai.

Mfano wa mahali pa namna hiyo hauko mbali. Tukivuka bahari mpaka mjini Unguja, tutakuta kwamba Waingereza walianzisha klabu yao mwaka 1888, na jengo lake la Shangani baadaye likawa hoteli ya Africa House. Jambo la ajabu ni kwamba kwao Waingereza wana nyumba ya umma, ambayo yeyote mwenye bei ya bilauri moja aweza kuingia. Walipokuja kutawala, nyumba hiyo hawakuja nayo. Walijenga klabu, yaani mahali penye daftari la wanachama na mlango wenye mlinzi. Mwafrika aliyeingia humo aliingia kwa kazi ya kuhudumia. Jamii nyingine za mji nazo zikajenga klabu zao, kila moja kwa asili yake. Siasa ya ukoloni ya kuwagawa watu kwa makabila na rangi ilipata hivyo majengo yake, na watu wakazoea kuona kwamba kukaa na wa namna yako ndiyo heshima.

Baraza ya Pemba haikuwa na daftari. Lakini siasa iliileta hali hiyohiyo kwa njia nyingine. Uchaguzi wa Julai 1957 ulifuatiwa na ule wa Januari 1961, wa Juni 1961 na wa Julai 1963. Katika miaka hiyo, ambayo wazee huiita zama za siasa, wafuasi wa ZNP, ASP na ZPPP walisusiana. Duka la mfuasi wa chama kingine halikununuliwa kitu, gari lake halikupandwa, arusi yake haikuhudhuriwa. Watu waliokuwa wakinywa kutoka dele moja wakatafuta kila mmoja dele lake.

Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, na hasa baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995, mambo hayo yalirudi kwa nguvu. Wafuasi wa CCM na wa CUF katika Pemba walisusiana madukani, misikitini na makaburini. Januari 2001 maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000 yalimalizika kwa vifo vya watu kisiwani humo. Katika zama hizo lilienea neno jipya kwa vikao vya mitaani: maskani. Mjini Unguja, Maskani ya Kisonge pale Michenzani ilijulikana kuwa ni ya CCM. Na kikao cha kahawa cha Sokomuhogo kiitwacho Jaws Corner, ambacho kimelipata jina lake kutokana na filamu ya papa ya mwaka 1975, kilijulikana kuwa ni cha wapenzi wa upinzani. Hali ikawa ni hiyo Unguja na Pemba: bendera ikipachikwa juu ya kikao, mpita njia alijua kama anakaribishwa au la.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji ayapime maneno mawili. Maskani maana yake ni makazi, mahali mtu anapoishi. Baraza ni mahali palipo nje ya makazi. Basi mabadiliko ya jina yalikuwa ni mabadiliko ya kitu chenyewe. Watu waliichukua sehemu iliyokuwa ya njia wakaifanya kuwa ndani ya nyumba yao. Mlango haukuonekana, lakini ulikuwapo. Na mtu akiwa ndani ya nyumba yake ana haki ya kusema: wewe usiingie.

Wapo watakaoitetea maskani, na hoja yao haitakiwi kubezwa. Watasema kwamba uhuru wa kukusanyika ni haki ya raia. Kwamba mtu aliyeumizwa kwa ajili ya rai yake asilazimishwe kunywa kahawa na anayemcheka. Na kwamba watu wenye fikra moja wanahitaji mahali pa kupangia mambo yao. Yote hayo ni kweli. Chama hakiwezi kufanya kazi bila ya kikao cha wanachama. Kosa linaanza pale ambapo kikao cha wanachama kinapochukua nafasi ya kikao cha majirani, kikasalia peke yake mtaani. Rafiki huchaguliwa, na mwanachama huchaguliwa, jirani hukutwa. Hatukumchagua, naye hakutuchagua, na nyumba ikishika moto usiku ndiye aliye karibu. Haki ya kuchagua wa kukaa naye ina mahali pake, nayo ni nyumbani na chamani. Barazani haipo, kwa sababu zile kazi za baraza, yaani msiba, mavuno na suluhu ya ugomvi, haziwezi kufanywa na watu waliochaguana. Mauti hayachagui chama, na jeneza linahitaji mabega ya yeyote aliyepo.

Historia ya karibuni yaunga mkono maoni hayo. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, walikutana wakaanzisha maridhiano. Katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66 ya waliopiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Maridhiano hayo yalivunjika baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa, na serikali ya namna hiyo ikaundwa tena mwishoni mwa mwaka 2020. Funzo ni kwamba viongozi wawili waweza kukutana kwa siku moja, na hati yaweza kusainiwa kwa dakika moja. Lakini aliyesusiwa kwa miaka hawezi kurudishwa kikaoni kwa hati. Hurudishwa na mwenzake anayesogea, akampisha nafasi, akamwambia muuza kahawa: mtilie na huyu.

Katika zama zetu vijana wengi hukutana katika vikundi vya simu. Vikundi hivyo vina manufaa, na mwanafunzi wa Konde aweza kuzungumza na ndugu yake aliye Maskat kwa saa hiyohiyo. Lakini kila kikundi kina msimamizi, na msimamizi aweza kumtoa mtu kwa kugusa kidole. Kwa maana tuliyoieleza, kikundi cha simu ni maskani, si baraza. Kijana aliyekulia katika vikundi vya namna hiyo tu aweza kufika umri wa utu uzima bila ya kupata hata mara moja kukaa saa nzima na mtu anayempinga, akamsikiliza mpaka mwisho kwa kuwa hana la kufanya.

Jukumu la mwalimu, basi, ni kubwa kuliko kuwaeleza wanafunzi kwamba baraza ni sehemu ya utamaduni wetu. Utamaduni ambao haulipi madeni yake huishia kuwa pambo la kuwaonyesha wageni. Deni la baraza kwa mwanamke, kwa kijana na kwa mchumaji aliyetoka mbali bado halijalipwa lote, na deni la majirani waliosusiana halilipwi na mtu mwingine ila wao wenyewe. Wanafunzi nao na waulize katika mtaa wao: ni nani apitaye hapa kila jioni na hakai? Wakishampata mtu huyo, wamuulize kwa nini, nao wamsikilize jibu lake kabla ya kulitolea hukumu.